Je, Darth Vader alisema kweli? Uchambuzi wa miaka 3 ya kumkisia baba wa Luke Skywalker

Sinema ya The Empire Strikes Back, ya pili katika mfululizo wa Star Wars, ilipoanza kuonyeshwa Marekani tarehe 21 Mei 1980, watazamaji walitoka ukumbini na swali ambalo sinema yenyewe haikulimaliza. Karibu na mwisho, shujaa kijana Luke Skywalker ameshakatwa mkono wa kulia kwa upanga wa mwanga, na ameng'ang'ania ncha ya mlingoti juu ya shimo lisiloonekana chini yake. Darth Vader, mwovu mwenye barakoa, anamwambia kwamba Obi-Wan, mwalimu wake Luke aliyekwisha kufa, hakumweleza yaliyompata baba yake. Luke anajibu kuwa alielezwa vya kutosha, kwamba Vader ndiye aliyemuua. Vader anakana, kisha anasema kwamba yeye ndiye baba yake. Kijana anapiga ukelele, anakataa mkono anaonyoshewa, na anajiachia aanguke.

Jibu lilitolewa tarehe 25 Mei 1983, Return of the Jedi ilipotoka. Katika miaka 3 iliyo katikati mashabiki waligawanyika, wengine wakisema Vader amedanganya na wengine wakisema amesema kweli. Kwa kuwa tunajua mwisho wake, ni rahisi kuwacheka waliokosea. Mimi naona kwamba kwa upande wa ushahidi wa msuko, waliokosea walikuwa na kesi yenye nguvu zaidi, na waliopatia walipatia kwa sababu walisoma kitu kingine kabisa.

Kwanza tukumbuke hali ya wakati ule. Sinema ya kwanza, ile ya 1977, haikupatikana kwenye kanda za video za nyumbani hadi 1982. Shabiki wa 1980 aliyetaka kuhakiki sentensi moja ya Obi-Wan alilazimika kutegemea kumbukumbu yake, kukata tiketi sinema iliporudishwa ukumbini, kufungua riwaya iliyotokana nayo, au kusubiri tamthilia ya redio ya sehemu 13 iliyorushwa Marekani mwaka 1981. Mabishano yalikwenda kwa barua, katika magazeti kama Starlog na katika majarida madogo ambayo mashabiki waliyaandika, wakayachapa na kuyasambaza wenyewe kwa posta.

Kuna jambo jingine dogo lililokuwa na athari kubwa. Maandishi yanayopanda mwanzoni mwa sinema ya 1980 yaliitambulisha kuwa ni Sehemu ya V, ilhali ile ya 1977 ilikuwa imetoka bila namba yoyote. Namba IV iliongezwa ilipoonyeshwa upya mwaka 1981. Mtu aliyeona namba hizo alielewa kwamba zipo sehemu 3 za nyuma, na akadhani kwamba mwandishi, George Lucas, tayari anazo kichwani zikiwa kamili. Kwa hiyo kila neno lililosemwa kuhusu zamani lilianza kutazamwa kama kipande cha kitu kilichokwisha kuundwa, na kazi ya shabiki ikawa kuviunganisha vipande. Dhana hiyo ilizitawala kambi zote mbili, nayo haikuwa sahihi.

Kambi ya uongo, yaani waliosema Vader amedanganya, ilianzia mahali panapostahili, yaani katika maneno ya Obi-Wan nyumbani kwake kwenye sayari ya Tatooine. Katika sinema ya 1977 mzee huyo anamweleza Luke kwamba kijana mmoja wa Jedi, wapiganaji waliolinda amani, aitwaye Darth Vader, aliyekuwa mwanafunzi wake kabla ya kugeuka mwovu, aliisaidia Dola kuwawinda na kuwaangamiza Jedi, na kwamba alimsaliti baba yake Luke na kumuua. Ukihesabu watu katika habari hiyo unapata watatu: mwalimu, mwanafunzi aliyeasi, na rafiki aliyeuawa. Hakuna fumbo katika sentensi hizo. Baadaye katika sinema hiyohiyo, Obi-Wan anapokutana na Vader uso kwa uso kabla ya kufa, anamwita "Darth", kama mtu anayemwita mwenzake kwa jina alilopewa na wazazi. Kama angekuwa anamkabili rafiki yake Skywalker aliyebadili jina, hapo ndipo mahali ambapo jina la zamani lingetakiwa kumponyoka.

Kisha kuna mazungumzo ya Mfalme Mkuu, mtawala wa Dola na bwana wa Vader, katika sinema ya 1980. Anamtokea Vader kwa taswira ya mwanga, wakiwa wawili tu, na anamwonya kwamba Luke anaweza kuwaangamiza. Vader anajibu kwamba ni kijana tu, na kwamba Obi-Wan hawezi tena kumsaidia. Mfalme Mkuu anasema mwana wa Skywalker hapaswi kuwa Jedi. Watu wawili wanaoijua siri, wasio na wa kumficha, wanamzungumzia Skywalker kana kwamba ni mtu wa tatu asiyekuwepo. Naona hii ndiyo hoja nzito kuliko zote za kambi ya uongo, na hadi leo sijaona maelezo yanayoiondoa bila kulazimisha.

Juu ya hayo kulikuwa na tabia ya mshitakiwa. Dakika chache kabla ya kutoa dai lake, Vader amekiuka mapatano yake na Lando Calrissian, mtawala wa mji wa mawinguni, mara kwa mara, na alipolalamikiwa alisema kuwa ameyabadilisha na mwenzake aombe asiyabadilishe zaidi. Tena alikuwa na sababu ya wazi ya kusema uongo: alimtaka Luke upande wake ili wamwangushe Mfalme Mkuu na kutawala pamoja. Mwongo mwenye haja, asiye na shahidi, anazungumza na majeruhi asiyeweza kuhakiki lolote. Mahakama gani ingepokea ushahidi huo?

Kambi ya ukweli nayo ilikuwa na vielelezo vyake, ila vingi vilikuwa vya kuhisi zaidi ya kuthibitisha. Walikumbusha mezani kwa mjomba Owen, pale shangazi Beru anaposema kwamba Luke amechukua mno tabia za baba yake, na Owen anajibu kwamba hilo ndilo linalomtia hofu. Sentensi hiyo inasisimua ukiisikia baada ya kujua siri. Lakini bila siri inajitosheleza: baba aliondoka shambani akaenda vitani akafa, na mlezi anaogopa kijana asifuate njia ileile. Walitaja pia namna Luke, akiwa amekwisha kuokolewa kutoka chini ya mji wa mawinguni, anavyomlalamikia Ben, yaani Obi-Wan, kwa kutomwambia, na Ben, ambaye amekuwa akimjia kama mzuka sinema nzima, safari hii hajitokezi. Walitaja sauti ya Vader ikimwita Luke kutoka mbali, Luke akiitikia "Baba", na Vader akimwita "mwanangu". Hapo kambi ya uongo ilijibu kwamba kuamini kwa Luke kunaonyesha jinsi mtego ulivyonasa, na jibu hilo si la kipuuzi.

Kielelezo chao kikubwa kilikuwa pango la sayari ya Dagobah. Yoda, mwalimu mzee wa Jedi, anampeleka Luke kwenye mdomo wa pango lenye giza la Nguvu, ile nishati ya ajabu ambayo Jedi huitumia, na kumwambia kwamba atakachokikuta humo ni kile tu anachoingia nacho. Anamwambia silaha hatazihitaji. Luke anajifunga mkanda wake wa silaha hata hivyo. Ndani anatokea Vader, akitembea taratibu. Luke ndiye anayewasha upanga wa kwanza. Wanapigana kwa muda mfupi sana, kichwa cha Vader kinakatwa na kubiringika chini, barakoa inapasuka kwa moshi, na ndani yake uso ulioko ni wa Luke mwenyewe.

Ukilisoma pango hilo kama dokezo la msuko, halisemi chochote kuhusu uzazi. Uso ulioonekana haukuwa wa baba. Ulikuwa wa Luke. Wapo waliolichukua kihalisia mno wakajenga juu yake nadharia za kloni, kwa kuwa sinema ya 1977 ilivitaja Vita vya Kloni kwa kupita tu bila kuvieleza: kwamba Vader ni nakala ya baba, au Luke mwenyewe ni nakala, au hata kwamba jina la Obi-Wan ni namba ya uzalishaji, OB-1. Nadharia hizo zilikuwa na uchangamfu wake lakini hazikufika popote. Wale walioliuliza pango lina maana gani, badala ya kuliuliza linaficha habari gani, ndio walioona mbali. Kwao pango lilisema kwamba adui wa Luke hayuko nje yake, na kwamba kumkata Vader kwa hasira ni kujikata mwenyewe. Mtu aliyefika hapo alikuwa ameshapata umbo la mwisho wa hadithi, hata kama hakuwa na hati moja ya kuthibitisha nani alimzaa nani.

Sasa tutazame jikoni. Mswada wa kwanza wa sinema hiyo uliandikwa na Leigh Brackett, mwandishi mkongwe wa riwaya za anga na wa sinema, ambaye alifariki mwezi Machi 1978 muda mfupi baada ya kuukabidhi. Katika mswada huo baba yake Luke anamtokea mwanawe kama mzuka, akiwa mtu mwingine kabisa na Vader. Dai la ubaba liliingia katika rasimu iliyofuata, iliyoandikwa na Lucas mwenyewe, kabla ya Lawrence Kasdan kupewa kazi ya kuendeleza maandishi. Katika miaka ya baadaye Lucas alipenda kuieleza hadithi yake kana kwamba baba na mwovu walikuwa mtu mmoja tangu mwanzo. Rasimu hazimuungi mkono. Kwa hiyo shangazi Beru hakuwa akidokeza kitu, na Obi-Wan wa 1977 hakuwa akificha kitu: alisema kilichokuwa kweli katika hadithi ya mwaka ule. Kambi ya uongo iliisoma sinema ya kwanza sawasawa na mtengenezaji wake alivyoielewa alipoitengeneza.

Siri ilipokwisha kuzaliwa ililindwa kwa ukali. Wakati wa kupiga picha huko Uingereza, David Prowse, aliyevaa vazi la Vader, alipewa maneno mengine ya kusema: kwamba Obi-Wan ndiye aliyemuua baba yake Luke. Mwongozaji Irvin Kershner alimnong'oneza Mark Hamill, aliyeigiza Luke, ukweli muda mfupi kabla ya tukio kupigwa, ili uso wake ujibu maneno ambayo hayakutamkwa pale. Maneno halisi yaliingizwa baadaye na James Earl Jones, mwenye sauti ya Vader, ambaye alisimulia katika mahojiano kwamba alipoyasoma mara ya kwanza alidhani Vader anadanganya. Ikiwa aliyeyatamka mwenyewe aliwaza hivyo, shabiki wa kawaida alikuwa na kosa gani?

Tena yale maneno ya uongo ya Prowse yanastahili kupimwa kama hadithi mbadala. Obi-Wan muuaji wa baba yake Luke: lingekuwa pigo zito, nalo lingemfanya mwalimu mwema kuwa mnafiki. Lakini lisingekuwa na pa kwenda, kwa kuwa Obi-Wan ameshakufa, na kijana asingekuwa na wa kumwuliza, wa kumlipiza wala wa kumsamehe isipokuwa mzuka.

Hapa tunaingia katika upande wa visasili, ambao mashabiki waliutumia kwa wingi na mara nyingi vibaya. Inajulikana kwamba Lucas alikisoma kitabu cha Joseph Campbell cha mwaka 1949 kuhusu safari ya shujaa, ambamo upatanisho na baba ni kituo kimojawapo cha safari hiyo. Tangu hapo wapo waliokichukua kitabu hicho kama ratiba ya treni: kituo cha baba kipo, kwa hiyo baba lazima apatikane, na Vader ndiye aliyesimama kwenye jukwaa. Hoja hiyo ni dhaifu, kwa sababu kambi ya uongo nayo ilikuwa na kisasili chake, tena kinachojulikana zaidi. Mwovu anampandisha mwema mahali pa juu sana, anamwonyesha milki zote na kumwahidi utawala endapo ataungana naye. Mkristo yeyote anaitambua sura hiyo kutoka Injili, na anajua kwamba anayetoa ahadi hiyo ni baba wa uongo. Mlingoti ule juu ya shimo unafanana na mlima wa majaribu kuliko unavyofanana na kituo cha upatanisho.

Visasili viwili, basi, vilikuwa mezani, na kufanana peke yake hakukutosha kuchagua. Kilichotosha, kwa maoni yangu, ni kuuliza kila kimoja kinaacha deni gani. Hadithi ya majaribu ilikuwa imekwisha palepale: Luke alipojiachia aanguke alikuwa amekataa, na ameshinda. Kama Vader alidanganya, sinema ya tatu ingebaki na kazi ya kufichua uongo huo na kisha kumuua mwongo, jambo ambalo pango lilikuwa limeshaonya kwamba ni kushindwa. Kama alisema kweli, kila mtu anadaiwa: Obi-Wan anadaiwa maelezo, Yoda anadaiwa sababu ya kunyamaza, Luke anadaiwa uamuzi juu ya mtu ambaye hawezi kumuua wala kumwacha, na Vader anadaiwa kuwa baba. Hadithi inayoendelea hulifuata deni kubwa, na aliyelipima deni alikuwa na sababu ya kuiamini kauli ya Vader hata bila ushahidi.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kwenda kwa Wagiriki kulielewa hilo. Katika habari za Fumo Liyongo, Sultani wa Pate anashindwa kumpata shujaa kwa nguvu, basi anamtumia mwanawe wa kumzaa: kijana anaahidiwa mke na cheo, anaichimbua siri ya sindano ya shaba, na anamchoma baba yake kitovuni akiwa usingizini. Liyongo anakufa amepiga goti kisimani, upinde mkononi. Mfalme Mkuu wa Star Wars anafanya kama Sultani yule, ila anamtumia baba dhidi ya mwana, na katika 1983 anajaribu kumgeuza mwana amuue baba ili ashike nafasi yake. Tofauti ni kwamba Luke, alipofika kwenye kitovu, alitupa sindano.

Hata jina la sinema ya tatu lilipita kwenye njia panda hiyo. Ilitangazwa kwanza kama Revenge of the Jedi, yaani kisasi cha Jedi, na mabango yakachapwa, kabla ya jina kubadilishwa miezi michache tu kabla ya kutoka kwa sababu kisasi si desturi ya Jedi. Kisasi kilikuwa jina linaloifaa hadithi ya mtoto wa baba aliyeuawa. Jina jipya, la kurejea kwa Jedi, linaweza kumhusu Luke, na linaweza vilevile kumhusu Vader.

Watengenezaji walijua kwamba shaka ilikuwa imeota mizizi, hasa kwa watoto. Walishauriana na mtaalamu wa saikolojia ya watoto, wakaambiwa kwamba watoto wengi wangeendelea kuamini Vader alidanganya mpaka mtu wanayemwamini aseme vinginevyo. Ndiyo sababu Yoda, akiwa kitandani anakata roho, anaulizwa moja kwa moja na anakiri. Kisha Obi-Wan anaketi na Luke na kujitetea kwamba alichosema kilikuwa kweli kwa mtazamo fulani, kwa kuwa Anakin Skywalker alipogeuka kuwa Vader, mtu mwema aliyekuwa baba yake aliangamia. Kama hoja ya kisheria ni aibu, na Luke anamtazama kwa uso unaosema hivyo. Kama kiraka cha msuko kinaonekana mshono wake. Hata hivyo kiraka hicho kilileta faida moja isiyotarajiwa: mwalimu mwema naye akapata doa, na Luke akabaki peke yake akiamini kwamba kuna wema ndani ya Vader, huku Obi-Wan akimwambia kwamba yule ni mashine zaidi kuliko mtu.

Malipo ya pango yako kwenye pambano la mwisho. Luke, kwa ghadhabu, anamwangusha Vader na kumkata mkono wa kulia. Kinachotoka kwenye kisiki ni nyaya na chuma. Luke anatazama kisiki hicho, kisha anautazama mkono wake wa kulia, ambao nao ni wa bandia na umevikwa glavu nyeusi, anaukunja ngumi, na anatupa upanga wake. Hapasemwi neno lolote kuhusu pango, wala hapahitajiki.

Njia hiyohiyo ya kusoma, hata hivyo, ilikwama kwenye swali la pili la 1980. Luke anapoondoka Dagobah, Obi-Wan anasema kijana huyo ndiye tumaini lao la mwisho, na Yoda anakana akisema yupo mwingine. Walitajwa wenzake Luke, Han Solo na Leia, na mtu ambaye bado hajaonekana. Safari hii ushahidi wa msuko ndio uliosaidia: Leia, akiwa ndani ya chombo kinachotoroka, alisikia wito wa Luke bila redio wala ishara, na aliyelipa uzito tukio hilo alipata jina sahihi. Lakini hapakuwa na njia ya haki ya kupata kwamba ni dada yake pacha. Mswada wa Brackett ulikuwa na pacha, ila alikuwa mtu mwingine aliyefichwa mbali. Na sinema ya 1980 ina busu la Leia kwa Luke mdomoni, kwenye kituo cha barafu cha Hoth, ambalo hakuna aliyeliandika akijua kwamba wale ni ndugu. Katika 1983 jambo hilo linatobolewa kwa maneno machache, na Leia hapewi kazi yoyote ya kuwa tumaini la pili. Anatumika mara moja tu, Vader anapoisoma siri hiyo akilini mwa Luke na kutishia kumgeuza dada badala ya kaka, na ndipo Luke anapotoka mafichoni na kuanza kupiga.